Istilahi za Kamera ya Filamu na Lenzi: Msamiati wa Anayemchagulia Mwenzi Wake

1. Utangulizi

Maswali ya istilahi yapo yanayotoka vyuoni, na yapo yanayotoka dukani. Ya vyuoni huweza kungojea kikao. Ya dukani hayana subira. Mnunuzi amesimama, fedha i mkononi, na neno lisipokuwa sawa kitu kitakachotolewa kitakuwa kingine. Makala haya yanahusu swali la aina hiyo ya pili: ni maneno gani ya Kiswahili yamfaayo mtu anayetaka kumnunulia mwenzi wake, yaani mkewe au mumewe, kamera ya filamu yenye fokasi ya mkono, pamoja na lenzi yake?

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kwamba kamera ya filamu ijadiliwe leo, wakati ambapo karibu kila simu ina kamera ndani yake. Lakini kamera hizo hazikutoweka. Zinatafutwa tena na vijana wanaotaka kujifunza upigaji picha tangu msingi wake, na karibu zote zinazouzwa ni zile zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1960 na 1990, zikipita mkono hadi mkono. Vijitabu vya maelezo yake vinahitaji kufasiriwa. Aidha, mafundi wa studio waliokuwa na msamiati wa kazi hiyo wanazidi kupungua, na msamiati wao haujaandikwa wote.

Kwa nini tukachagua mnunuzi anayemnunulia mwingine? Kwa sababu huyo ndiye anayeipima istilahi kwa ukali zaidi. Ajinunuliaye mwenyewe hana haja kubwa ya maneno: huonyesha kwa kidole, hushika, hujaribu. Anayemchagulia mwenziwe hupaswa kwanza kumwuliza mwenziwe kwa maneno, kisha kuyachukua majibu hayo kwa maneno hadi kwa muuzaji. Istilahi huvuka vivuko viwili. Ikiwa imebeba maana mbili, itaingia na moja na kutoka na nyingine, na zawadi iliyowekewa akiba kwa miezi kadhaa itakuwa chuma kisichofungika popote.

2. Majina yaliyozaliwa baada ya vitu vyake

Jina “kamera yenye fokasi ya mkono” lina umri mdogo kuliko kitu chenyewe. Kwa zaidi ya miaka mia moja fundi hakuhitaji kusema kwamba fokasi huwekwa kwa mkono, maana hapakuwa na njia nyingine ya kuiweka. Mwaka 1977 ilitoka Konica C35 AF, kamera ndogo iliyojitafutia fokasi yenyewe. Na mwaka 1985 kampuni ya Minolta ikatoa kamera yake ya 7000, iliyoupeleka utaratibu huo kwenye kamera kubwa zenye lenzi za kubadilisha. Tangu hapo ikawa lazima kamera ya zamani ipewe kivumishi cha kuitambulisha. Kadhalika “kamera ya filamu” ni jina lililopata haja baada ya kuja kamera za dijitali. Kiswahili kimekwisha kulipitia jambo hili: hakuna aliyesema “simu ya mezani” kabla ya simu ya mkononi kuenea.

Kwa kivumishi cha kamera tunapendekeza “ya mkono”, kwa kufuata mfano uliokwisha zoeleka wa cherehani ya mkono. Kinyume chake ni “fokasi otomatiki”. Tunasema “kamera yenye fokasi ya mkono”, wala si “kamera ya mkono”, kwa sababu hilo la pili humfanya msikilizaji afikirie kamera yoyote ya kushikwa mkononi.

Kitenzi nacho kinahitaji uangalifu. Wapo wanaotumia “kulenga”. Lakini kulenga ni kukielekeza chombo mahali, kama mwindaji aelekezavyo bunduki yake. Mpiga picha anaweza kuilenga kamera sawasawa kwenye uso wa mtoto, na uso huo usitokee vizuri kwa kuwa hajazungusha pete ya lenzi. Hayo ni matendo mawili. Basi “kulenga” kubaki na kazi yake, na tendo la kuzungusha pete hadi taswira iwe dhahiri liitwe “kuweka fokasi”.

3. Bodi, lenzi na kifungio

Kamera tunayoizungumzia ina sehemu kuu mbili zinazoweza kutenganishwa. Sehemu inayobeba filamu, kwa kufuata mafundi wa magari, tunaiita “bodi”. Wako watakaosema kwamba neno hili limekwisha kutumika kwa Bodi ya Wakurugenzi. Ni kweli, ila upatanisho wa kisarufi unazitenga dhana hizi mbili bila msaada wetu: tunasema bodi ya wakurugenzi imekutana, bali bodi la gari limebonyea. Hivyo bodi la kamera litafuata bodi la gari.

Sehemu ya pili ni “lenzi”. Katika somo la fizikia lenzi ni kipande kimoja cha kioo, mbinuko au mbonyeo. Katika kamera ni mkusanyiko wa vipande hivyo ndani ya mwili mmoja wa chuma. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 huwa na vipande vitano hadi saba. Mwalimu hana budi kuwaeleza wanafunzi tofauti hiyo mapema. Tunapendekeza lenzi ya kamera ibaki na jina “lenzi”, na kila kipande kiitwe “kipande cha lenzi”.

Mahali lenzi inapokutana na bodi pametajwa kwa majina mengi: mdomo, shingo, kiungo. Tunapendekeza “kifungio”, kwa kuwa neno hilo linasema kazi yenyewe. Vifungio ni vya namna mbili, na kila mwenye taa ya umeme nyumbani anazijua namna hizo. Ipo balbu ya kuzungusha, yenye hesi, nayo huingia mzunguko kwa mzunguko. Na ipo balbu ya pini, nayo husukumwa kisha ikageuzwa kidogo ikakaa. Lenzi pia ziko hivyo. “Kifungio cha skrubu” kilichoenea sana ni kile cha kipenyo cha milimita 42, kilichotumiwa na kamera za Praktica, Zenit nyingi, na Pentax kabla ya mwaka 1975. “Kifungio cha beneti” ni cha kuingiza na kugeuza.

Hapa ndipo fedha za watu hupotea. Beneti si moja. Nikon ilianza na beneti yake ya F mwaka 1959. Canon ikatoa FD mwaka 1971, kisha ikaiacha mwaka 1987 ilipoingia katika mfumo mwingine. Pentax ikaanza beneti ya K mwaka 1975. Lenzi ya mmoja haikai kwenye bodi la mwingine, hata kama urefu na tundu ni sawasawa. Basi mfasiri anayeandika “lenzi hii hufaa kamera zote za aina hii” na asitaje kifungio, amemwachia mnunuzi kitendawili.

4. Milimita nne

Dhana inayochanganywa kuliko zote ni ya ukubwa wa lenzi. Muuzaji husema “hii ni kubwa”, mnunuzi huuliza “ni ya milimita ngapi?”, na wote wawili hudhani wameelewana. Lakini katika kamera moja kuna milimita nne zisizohusiana.

Milimita 35 ni upana wa filamu yenyewe, pamoja na matundu ya pembeni. Picha inayopatikana juu yake ni ya milimita 24 kwa 36. Milimita 42 ni kipenyo cha kifungio cha skrubu tulichokitaja. Milimita 49, katika lenzi nyingi za Pentax, ni kipenyo cha hesi za kufungia kichujio. Na milimita 50, iliyoandikwa mbele ya lenzi, ndiyo dhana kubwa kuliko hizo zote: ni “urefu wa fokasi”.

Urefu wa fokasi si urefu wa lenzi kwa rula, wala si upana wake. Ni umbali kutoka kitovu cha lenzi hadi mahali miale itokayo mbali sana inapokutana. Kwa mpiga picha maana yake ni upeo wa mandhari yatakayoingia katika picha. Lenzi ya milimita 50, tunayoiita “lenzi ya kawaida”, huona pembe ya nyuzi 46 hivi kutoka kona hadi kona. Ile ya milimita 28 huona nyuzi 75 hivi, nayo ni “lenzi ya upeo mpana”. Ile ya milimita 135 huona nyuzi 18 tu, na kwa hiyo huvuta karibu kilicho mbali. Hiyo ni “lenzi ya mbali”.

Baadhi ya maandishi hutumia “umbali wa fokasi” kwa dhana hii. Tunashauri liachwe. Pete ya fokasi imechorwa mita na futi, nazo ni umbali wa mtu anayepigwa picha kutoka kwenye kamera. Kwa hiyo “umbali” ubaki kuwa wa pete, na “urefu” uwe wa lenzi. Tukifanya hivyo sentensi kama “kwa urefu wa fokasi wa milimita 50, weka umbali wa mita 3” haitamtatiza mtu.

5. Tundu lenye hesabu ya kinyume

Ndani ya lenzi kuna mabapa membamba ya chuma yanayojipanga kwa duara. Mafundi huyaita “dayaframu”, na hatuoni sababu ya kuligeuza neno hilo. Nafasi inayoachwa wazi katikati, mwanga unapopita, tunaiita “tundu la lenzi”. Mfano wake ni mboni ya jicho: hupanuka gizani, hujibana juani.

Tatizo liko katika namba zake. Kwenye pete ya tundu huandikwa 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kila hatua mbele hupunguza mwanga kwa nusu. Sababu ni kwamba namba hiyo ni kigawanyo: urefu wa fokasi umegawanywa kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa 2, tundu lake ni la milimita 25, upana wa sarafu. Ikiwekwa 16, ni la milimita 3 hivi, kama punje ya mtama. Namba ikikua, tundu hupungua.

Mfasiri akikutana na agizo la kuongeza tundu, asipojua kama linazungumzia namba au nafasi, atampeleka msomaji upande wa giza. Dawa yake ni kuyaacha kabisa maneno “kuongeza” na “kupunguza” katika jambo hili. Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyo wazi: “kufungua tundu” na “kubana tundu”. Asemaye “bana tundu hadi 11” hawezi kueleweka kinyume, maana mkono na namba vimetajwa pamoja.

Tundu lina athari ya pili. Likifunguliwa, ni sehemu nyembamba tu ya mbele na nyuma ya mtu itakayokuwa dhahiri. Likibanwa, sehemu hiyo huongezeka. Kwa dhana hiyo tunapendekeza “kina cha udhahiri”. “Kina cha fokasi” lisitumike hapa, kwa sababu wataalamu wanalihitaji kwa jambo jingine linalotokea nyuma ya lenzi, upande wa filamu.

6. Kasi tatu

Waandishi wa Kiingereza huita lenzi yenye tundu pana lenzi “ya kasi”. Filamu inayohitaji mwanga kidogo nayo huiita “ya kasi”. Na muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia huuhesabu kwa “kasi” vilevile. Wao wamezoea, lakini tukizifasiri kasi hizo tatu neno kwa neno tutamfanya mnunuzi atake lenzi ya kasi apewe filamu.

Kasi ya kweli ni moja, nayo ni ya “shata”, kile chombo kinachofunguka na kufunga mbele ya filamu. Katika kamera nyingi za aina hii shata imeundwa kwa mapazia mawili: la kwanza hufungua, la pili hufuata likafunga. Pentax K1000 ina mapazia ya kitambaa yanayokwenda kwa ulalo. Nikon FM2 ina mabapa ya chuma yanayokwenda wima. Kwa hiyo “shata” liwe jina la chombo kizima, na “pazia” liwe la sehemu yake. Namba zilizo kwenye kirungu cha shata, kama 60, 125 na 250, ni sehemu za sekunde: 125 ni 1/125. “Kasi ya shata” ni istilahi inayojitosheleza.

Kwa filamu tunapendekeza “usikivu”. Msikilizaji wa redio hulijua neno hili, na filamu nayo huupokea mwanga kwa wepesi au kwa uzito. Filamu ya ISO 400 ina usikivu mara nne ya ile ya ISO 100. Kwa lenzi tuseme tu “lenzi yenye tundu pana”.

Tundu, kasi ya shata na usikivu hukutana katika dhana ya “mwangazo”, yaani jumla ya mwanga unaoifikia filamu. Tundu 8 kwa 1/125 hutoa mwangazo sawa na tundu 5.6 kwa 1/250. Kanuni ya mafundi ya jua kali ni rahisi kuikumbuka: bana tundu hadi 16, kisha kasi ya shata iwe karibu na namba ya usikivu, kwa ISO 125, iwe 1/125. Chombo kinachofanya hesabu hiyo kwa niaba ya mtu ni “kipimamwanga”.

7. Ukungu

Tumelitenga neno hili peke yake kwa sababu linaweza kumtia mtu hasara kubwa kuliko mengine. Kiswahili kinatumia “ukungu” kwa mvuke wa asubuhi, na pia kwa vile vijinyuzi vinavyoota juu ya mkate uliolala. Wapiga picha wameongeza maana ya tatu, yaani picha isiyoonekana vizuri. Basi mtu akiandikiwa kwamba kamera fulani “ina ukungu”, aelewe nini?

Ikiwa ni picha, sababu yaweza kuwa fokasi haikuwekwa, au mkono ulitikisika wakati shata ilipokuwa wazi. Hayo ni makosa ya mtumiaji, nayo hutibika kwa mazoezi. Ikiwa ni mvuke juu ya kioo, utakauka. Lakini ikiwa ni vijinyuzi vilivyoota kati ya vipande vya lenzi, huo ni ugonjwa. Huota penye joto na unyevu, na kwa hiyo mwambao wetu, kutoka Lamu hadi Mtwara pamoja na visiwa, ni mahali panapoupendelea. Ukikaa muda mrefu hula utando uliopakwa juu ya kioo, na alama zake hazifutiki tena.

Tunapendekeza maneno manne yatenganishwe. “Kuvu” liwe la vijinyuzi ndani ya lenzi. “Ukungu” liwe la mvuke au utando wa weupe. “Picha isiyo na fokasi” na “picha iliyotikisika” yawe ya picha. Muuzaji akiulizwa “je, lenzi hii ina kuvu?”, hana pa kujificha.

8. Kumchagulia mwingine

Sasa tuyajaribu maneno haya kazini. Maswali yanayopaswa kuulizwa kabla ya kununua ni machache, na kila moja linasimama juu ya istilahi mojawapo tuliyoieleza.

La kwanza ni kama mwenzi tayari ana lenzi yoyote. Akiwa nayo, kifungio chake kimekwisha kuchagua bodi. Mwenye lenzi tatu za beneti ya K akiletewa bodi la Nikon ameletewa kazi ya kuanza upya.

La pili ni anachopenda kupiga. Apigaye ndugu na watoto nyumbani atafaidiwa na lenzi ya kawaida yenye tundu la 2 au pana zaidi, kwa kuwa ndani ya nyumba mwanga ni haba. Apigaye majengo katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako hakuna pa kurudi nyuma, atahitaji upeo mpana. Kwa anayeanza, lenzi ya kawaida ndiyo ya kutangulia; mara nyingi ndiyo ya bei nafuu pia.

La tatu ni mwili wake mwenyewe, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii. Bodi la Pentax K1000 lina uzito wa gramu 620 hivi; la Olympus OM-1 gramu 510 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo mezani, si ndogo shingoni baada ya saa nne za harusi. Avaaye miwani ajaribu kama anaiona pembe yote ya “kitazamio”, yaani kidirisha cha kuchungulia. Na anayechungulia kwa jicho la kushoto aangalie mkono wa kuvutia filamu: katika Nikon FM2 mkono huo hutolewa nje kidogo ili kipimamwanga kiwake, nao huweza kumgusa usoni.

La nne ni umeme. Kamera ya kimakanika, kama K1000 iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, hupiga picha hata bila betri. Betri ni ya kipimamwanga tu. Canon AE-1 ya mwaka 1976 haipigi kabisa betri ikiisha. Tunapendekeza “shata ya kimakanika” na “shata ya kielektroniki”, na tunawaomba wafasiri wasiseme “kamera inayotumia betri”, kwa sababu zote mbili huitumia. Kuna jambo la kuongeza juu ya betri. Kamera kadhaa, OM-1 ikiwa mojawapo, ziliundwa kwa betri ya zebaki yenye volti 1.35. Marekani ilizipiga marufuku betri hizo mwaka 1996, na siku hizi huwekwa ya volti 1.5 mahali pake; kamera nyingi hufanya kazi, lakini kipimamwanga chake huweza kusema uongo kidogo.

La mwisho ni hali ya chombo. Fungua mgongo wa kamera, bonyeza shata kwa kasi ya sekunde 1, kisha 1/60, kisha 1/1000, usikilize tofauti. Tazama sponji nyeusi zinazozuia mwanga kwenye kingo za mlango. Zikiwa zimegeuka kuwa kama lami zitahitaji kubadilishwa, ama sivyo filamu “itaungua”, kama mafundi wasemavyo. Elekeza lenzi kwenye taa, tundu likiwa limefunguliwa, utazame kama ina kuvu. Kisha bana tundu uone kama mabapa ya dayaframu ni makavu, hayana mafuta.

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Hatumwambii mtu achague bila kikomo. Tunamwambia ajue anachokitaja. Linganisha barua mbili. Ya kwanza inasema: “Naomba kamera nzuri ya zamani, yenye lenzi kubwa ya kasi, isiyo na ukungu.” Kila neno katika barua hiyo lina maana mbili au zaidi. Ya pili inasema: “Naomba bodi la kamera lenye fokasi ya mkono na shata ya kimakanika, kifungio cha beneti ya K, pamoja na lenzi ya urefu wa fokasi wa milimita 50 na tundu la 2, isiyo na kuvu.” Barua hii ina maneno mengi zaidi, lakini muuzaji aliye Mombasa, Bujumbura au Maskati anaweza kuijibu kwa ndiyo au hapana.

9. Istilahi zinazopendekezwa

Bodi la kamera: sehemu inayobeba filamu na shata.
Dayaframu: mabapa yanayofungua na kubana tundu.
Fokasi ya mkono: fokasi inayowekwa kwa kuzungusha pete.
Kasi ya shata: muda ambao shata huwa wazi.
Kifungio: mahali lenzi inapoungana na bodi, cha skrubu au cha beneti.
Kina cha udhahiri: eneo la mbele na nyuma ya mlengwa linaloonekana vizuri.
Kipimamwanga: chombo cha kupima mwanga.
Kitazamio: kidirisha cha kuchungulia.
Kuvu: vijinyuzi viotavyo ndani ya lenzi.
Kuweka fokasi: kuifanya taswira iwe dhahiri.
Lenzi ya kawaida, ya upeo mpana, ya mbali: aina za lenzi kwa urefu wa fokasi.
Mwangazo: jumla ya mwanga unaoifikia filamu.
Shata: chombo kinachoruhusu na kuzuia mwanga mbele ya filamu.
Tundu la lenzi: nafasi mwanga unapopita, hufunguliwa au kubanwa.
Urefu wa fokasi: kipimo kinachoamua upeo wa lenzi.
Usikivu wa filamu: wepesi wa filamu kuupokea mwanga.

10. Hitimisho

Katika orodha hii maneno machache tu ni ya kuundwa. Mengine yamechukuliwa kwa mafundi wa magari, wa umeme, wa redio na wa studio, na machache yametoholewa kama yalivyozoeleka. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Istilahi isiyoweza kusemwa dukani ikaeleweka bado ni pendekezo tu, hata ikiwa imepitishwa na vikao.

Mafundi hao tuliowataja hawatakuwapo daima. Upigaji picha wa studio una historia ndefu katika nchi zetu. Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ni ushahidi mmoja tu. Katika vyumba vya giza vya studio za namna hiyo watu walisafisha filamu, wakachapa picha, wakafundisha vijana, na kazi hiyo ilikuwa na maneno yake. Tunawaomba walimu na watumishi walio karibu na wazee wa kazi hiyo wayaandike maneno hayo na kutuletea, wakieleza neno limesikika wapi na lilitumika kwa kitu gani hasa. Pale ambapo neno la fundi litakuwa wazi kuliko hili tulilolipendekeza, la fundi ndilo litakaloshika nafasi.